Mwasumini umekugomea: dalili, sababu na la kufanya

Wanaofika kitaluni kwangu hapa Tanga huja na tawi mkononi, limefungwa kwenye gazeti, na swali lao ni moja: "Nipige dawa gani?" Mimi huuliza kwanza mti umepandwa wapi, unamwagiwa maji ya wapi, na majivu ya jikoni yanatupwa upande gani. Wengine hukereka. Lakini miaka ya kuotesha miasumini imenionyesha kwamba matatizo yake mengi yako ardhini na kwenye kivuli, si kwa wadudu.

Na hata wadudu wakiwapo, ua hili si la kutazamwa kwa mbali. Linatungwa kikuba pamoja na rehani na mkadi, linavaliwa kifuani, linachomekwa kwenye nywele, linamwagwa juu ya kitanda cha bibi harusi. Wako wanaolitia kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Sumu utakayoipiga leo utaivuta kwa pua yako kesho, wewe na mtoto uliyempakata. Ndiyo maana katika maelezo haya dawa ya dukani inakuja mwisho kabisa.

Ninayemzungumzia ni asumini wetu wa pwani, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Jasminum sambac: kichaka chenye majani ya kijani yanayong'aa, yaliyokaa mawili mawili, na maua meupe yanayofunguka jioni na kuanza kugeuka rangi siku inayofuata. Asili yake ni Asia ya Kusini. Kuna wa petali chache zilizopangika safu moja, na kuna wa kujaa, mithili ya waridi dogo. Usimchanganye na ule mti mwingine wa bustanini wenye maua membamba ya kijani-njano kama mirija midogo, unaonukia sana usiku na kuzaa vitunda vyeupe. Huo si asumini, una sumu, na maua yake hayaingii kwenye chai wala mtungini.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, nenda kwenye mti wako ufanye mambo manne. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili uone kama kuna unyevu. Geuza majani matano au sita utazame upande wa chini. Fukua kidogo shinani uangalie gome. Kisha hesabu saa ambazo jua linaupiga mti moja kwa moja, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hesabu kweli, usikadirie, kwa sababu karibu kila mtu hukadiria zaidi ya ilivyo.

MAJANI TELE, MAUA HAKUNA

Hili ndilo lalamiko nambari moja. Mti umestawi, majani yamenona, jirani anausifia, na jioni ikifika hakuna harufu.

Sababu ya kwanza ni kivuli. Mwasumini unaishi kivulini bila kufa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ili uchanue vizuri unataka saa sita au zaidi za jua. Uani kwetu mti hupandwa ukiwa mdogo, halafu mwembe unakua, jirani anapandisha ukuta, bati la jiko linaongezwa, na baada ya miaka mitatu jua limebaki saa mbili. Kama uko kwenye chungu, uhamishe hatua kwa hatua: siku kadhaa kwenye jua la asubuhi, halafu zaidi, maana ukiutoa kivulini na kuutupa kwenye jua la saa sita mchana la mwezi wa pili, majani yataungua. Kama uko ardhini, punguza matawi ya mti unaoufunika. Na matawi hayo yakiwa yamegusa au kukaribia nyaya za umeme, weka panga chini. Hiyo ni kazi ya shirika la umeme, hata kama tawi lenyewe ni jembamba.

Sababu ya pili ni kuogopa kuukata. Asumini huzaa ua kwenye chipukizi jipya. Tawi la zamani lisilotoa chipukizi halitoi ua, basi. Nimeona miasumini ya miaka kumi iliyoachwa ikatambaa hadi paani kwa sababu mwenye nyumba anaona kuikata ni kuionea. Huko Tamil Nadu, India kusini, ambako asumini hii hulimwa mashamba kwa mashamba na ile ya Madurai ilipewa mwaka 2013 hadhi ya jina linalolindwa kisheria la mahali inakotoka, wakulima huikata vichaka vyao hadi karibu sentimita 50 kutoka ardhini mara moja kwa mwaka, na ndipo maua yanapokuja kwa wingi. Sisi wa nyumbani hatuna haja ya ukali huo kila mwaka. Baada ya wimbi la maua kwisha, kata theluthi moja ya urefu wa kila tawi, ondoa yaliyokauka na yale membamba yaliyosongana katikati. Mti uliozeeka sana ukate nusu mwanzoni mwa mvua, uutie nusu ndoo ya samadi iliyooza, halafu usubiri. Wiki za mwanzo utaona umeharibu. Hujaharibu.

Sababu ya tatu ni kuulisha kupita kiasi chakula cha majani: urea, au samadi mbichi ya kuku. Naitrojeni nyingi huleta majani mapana, laini, ya kijani kibichi, na matawi marefu yasiyo na kitumba. Acha mbolea hiyo kwa miezi miwili au mitatu, mwagilia maji matupu, na ukirudi tumia mboji au samadi iliyooza ikanuka udongo, si iliyonuka banda.

Kwa walio kwenye vyungu, angalia pia kama mizizi imezunguka chungu na kutokeza kwenye tundu la chini. Mwasumini hupenda kubanwa kidogo, lakini si kunyongwa. Kila baada ya miaka miwili hivi uhamishie chungu cha saizi moja zaidi.

Mwisho ni baridi. Mtu wa Arusha, Nairobi au Mbeya asishangae mti ukisimama kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Usiku ukiwa wa baridi mwasumini hulala. Hapo hakuna cha kutibu. Punguza maji, usitie mbolea, na uweke mti karibu na ukuta unaopata jua mchana. Ndugu walioko Ulaya wauingize ndani mbele ya dirisha lenye mwanga zaidi kabla baridi haijaanza. Walioko Maskati wana shida ya upande wa pili: jua la kiangazi kule ni kali mno, hivyo jua la asubuhi na kivuli cha mchana vinautosha.

MAJANI MAPYA YA MANJANO, MISHIPA BADO YA KIJANI

Dalili hii naipenda kuieleza kwa urefu kwa sababu ni ugonjwa wetu sisi wa mwambao, na karibu kila anayeiona hununua dawa ya wadudu.

Tazama vizuri ni majani yapi. Kama manjano yameanzia kwenye majani machanga ya juu, na mishipa imebaki ya kijani kama ramani ya mito, mti unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma chenyewe kimo kwenye udongo tele. Tatizo ni kwamba udongo wetu mwingi umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kwenye udongo wa chokaa chuma hufungika, mizizi inakigusa lakini haiwezi kukinywa. Ndivyo ilivyo kwenye sehemu nyingi za Unguja ya mashariki, Lamu, Mombasa, na hata hapa Tanga ukikaribia bahari.

Jipime nyumbani. Chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki. Ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa.

Sababu za kawaida, kwa mpangilio ninaokutana nao: majivu ya jikoni yaliyotupwa shinani (majivu huzidisha tatizo, ijapokuwa wazee wetu waliyatumia kwa nia njema dhidi ya wadudu), saruji na vifusi vilivyobaki ujenzi ulipokwisha, vikafukiwa pale pale ukutani mti ulipopandwa, kisha udongo wenyewe wa matumbawe, halafu maji yaliyotuama, kwa sababu mzizi unaokosa hewa nao hushindwa kuvuta chuma hata kwenye udongo mzuri.

Anza na lisilo na gharama. Komesha majivu na chokaa. Fukua vifusi. Tandaza mboji kwa unene wa kiganja kuzunguka shina, uiachie nafasi ya vidole vinne isiguse gome, na uendelee kuongeza kila msimu. Kwa wengi hilo linatosha ndani ya msimu mmoja au miwili, ingawa majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi. Angalia yatakayochipua.

Kama unataka matokeo ya haraka, nunua mbolea ya chuma, lakini soma pakiti. Iliyoandikwa EDDHA ndiyo inayofanya kazi kwenye udongo wa chokaa. Ile ya EDTA, iliyo ya kawaida zaidi madukani, hupoteza nguvu udongo ukiwa na chokaa nyingi, na hapo utakuwa umemwaga fedha. Fuata kipimo cha pakiti. Misumari yenye kutu iliyofukiwa shinani haisaidii, kwa kuwa kutu ni chuma kile kile kilichofungika.

Ukifanya yote haya kwa misimu miwili na mti bado ni manjano, acha kubahatisha. Peleka udongo maabara. Kwa walio kaskazini mashariki ya Tanzania kuna kituo cha utafiti wa udongo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Muheza. Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kabete. Mwone afisa ugani wako kwanza akufundishe namna ya kuchota sampuli. Au ufanye nilivyofanya mimi kwa mti wangu wa mbele ya nyumba: niliuhamishia kwenye pipa lililokatwa nusu, lenye udongo mwekundu wa kutoka bara na mboji, nikaacha kupigana na jiwe.

Manjano ikiwa kwenye majani ya zamani ya chini, yote, bila mishipa kubaki kijani, hiyo ni njaa ya kawaida au maji kuzidi. Pima unyevu kwa kidole. Pakiwa pakavu kiasi, tia samadi iliyooza. Pakiwa tope, nenda kwenye dalili ya kunyauka hapo chini. Na jani moja moja kudondoka baada ya kuzeeka si ugonjwa.

NCHA NA KINGO ZA MAJANI ZIMEUNGUA KAHAWIA

Kwa anayemwagilia maji ya kisima karibu na bahari, sababu ni chumvi hadi ithibitike vinginevyo. Yaonje hayo maji. Tazama pia mdomo wa chungu kama una ukoko mweupe. Kinachochochea zaidi ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku: maji hupaa, chumvi inabaki.

Dawa yake ni kuosha udongo. Chungu kikiwa na tundu linalotoa maji vizuri, mimina polepole maji ya mvua au ya bomba, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Kwa mti wa ardhini, mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kila siku. Usitie mbolea ya chumvichumvi wakati huo. Kisha tega maji ya mvua. Pipa moja chini ya bati wakati wa masika humtosha mwasumini mmoja wa chunguni kwa muda mrefu, na lifunikwe mbu wasizaliane humo.

Sababu nyingine ni upepo mkavu wa kaskazi, hasa kwa mti uliopandwa pembeni ya nyumba upepo unapopita kwa kasi, na mbolea ya dukani iliyozidi kipimo. Zote mbili hutibika kwa maji na matandazo.

VITUMBA VINADONDOKA AU VINAGEUKA ZAMBARAU KABLA YA KUFUNGUKA

Kwanza hakikisha si ua lililokwisha kufunguka. Asumini iliyochanua jana kugeuka waridi au zambarau leo ndiyo desturi yake. Kwa kikuba, chuma vitumba alasiri, vikiwa vimejaa na vyeupe lakini vimefumba. Vitafunguka vyenyewe usiku.

Vitumba vikidondoka vikiwa vichanga, mara nyingi mti ulikauka kisha ukafurikwa. Siku tatu umesahauliwa, ya nne umemwagiwa ndoo mbili. Weka utaratibu, tandaza makumbi ya nazi au majani makavu. Kuhamisha chungu mti ukiwa na vitumba nako huviangusha.

Kama maji ni ya kutosha, pasua vitumba kumi kwa ukucha. Ukikuta tundu dogo na kiwavi ndani, au vitumba viwili vitatu vimeshonwa pamoja kwa nyuzi, ni viwavi wa vitumba. Ukikuta vijifunza vidogo mno, vyeupe, chini ya kitumba kilichovimba, ni kijinzi, yaani inzi mdogo sana, kinachotaga humo, na funza wake hushuka kujificha udongoni. Kwa yote mawili tiba ya nyumbani ni moja na inafanya kazi ukiwa mvumilivu: kila jioni kwa wiki mbili chuma vitumba vyote vilivyoharibika, okota vilivyoanguka, vifunge kwenye mfuko wa plastiki uuanike juani au uvichome. Usivitupe kwenye mboji. Kisha tifua juujuu udongo wa shinani na ubadilishe matandazo. Kupiga dawa juu ya kitumba hakumfikii aliye ndani, ila kutakufikia wewe utakayekivaa.

MASIZI MEUSI, MAJANI YANANATA, SISIMIZI WANAPANDA NA KUSHUKA

Bibi mmoja wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, aliniambia, "Mwanangu, mti wangu umepigwa jicho, tazama ulivyopakwa masizi." Nilimgeuzia jani. Upande wa chini kulikuwa na safu ya magamba madogo ya kahawia kandokando ya mshipa, yamekaa kimya kama vipele. Wao hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi, na sisimizi huja kunywa na kuwalinda. Masizi ni matokeo. Mwizi yuko upande wa pili wa jani.

Wanaofanya hivi ni vidugamba hao, inzi weupe wanaoruka ukiutikisa mti, vidung'ata weupe kama pamba kwenye makutano ya majani, na vidukari kwenye ncha changa. Tiba haitofautiani sana. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kata na uchome matawi yaliyojaa kabisa. Pulizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, chini ya majani hasa, jioni jua likishapoa. Jaribu kwanza kwa majani machache, usubiri siku moja. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani, iache. Unaweza kuongeza kijiko cha chai cha mafuta ya muarobaini katika lita hiyo hiyo. Na uwazuie sisimizi: ondoa matawi yanayogusa ukuta, kwa sababu ndiyo madaraja yao.

Ukiona badala yake vidoadoa vidogo vya manjano na utando mwembamba chini ya majani, hasa katika ukame wa kaskazi, hao ni utitiri mwekundu. Maji ya mpira yenye kasi, kwa chini ya majani, siku mbili tatu mfululizo, huwamaliza wengi.

Baada ya raundi tatu za sabuni bila nafuu, simama. Usichanganye dawa mbili, usizidishe kipimo, usichukue dawa ya pamba au ya mahindi uliyopewa na jirani kwenye chupa ya soda. Mwite bwana shamba au bibi shamba auone mti. Akikuandikia kiuatilifu, kiwe kimesajiliwa, Tanzania na TPHPA au Kenya na PCPB, mamlaka za serikali zinazosimamia viuatilifu, na kiwe na lebo unayoweza kuisoma. Ziko dawa zinazoingia ndani ya mti hadi kwenye petali. Kwa hizo muulize maua yasichumwe kwa muda gani, na hata baada ya hapo yasitiwe kwenye maji ya kunywa. Mtu akipata kizunguzungu, kutapika au macho kuwasha baada ya kupuliza, avue nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenye lebo.

MTI UMENYAUKA HUKU UDONGO UNA MAJI

Usimwagilie. Hilo ndilo kosa linaloua miasumini mingi zaidi wakati wa masika: unaonekana na kiu, unaongezewa maji, na mizizi ilikwisha kuoza.

Utoe kwenye chungu, au ufukue upande mmoja. Mizizi mizima ni migumu na ya rangi ya krimu. Iliyooza ni kahawia, laini, huchubuka ukiivuta, inanuka. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichopitishwa motoni, punguza matawi kwa kiasi hicho hicho, panda upya kwenye mchanganyiko wa mboji na mchanga wa mtoni, si wa ufukweni, kisha weka kivulini wiki mbili. Nusu ya miti hiyo hupona kwangu, nusu hufa, na ni heri kujua hivyo mapema.

Ukikuta mizizi ina vivimbe kama shanga, ni minyoofundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi. Ukikuta shinani nyuzi nyeupe na punje ndogo za kahawia kama mbegu za haradali, ni kuvu anayekaa udongoni kwa miaka. Na ukikuta gome limeguguniwa chini ya vijitaro vya udongo, ni mchwa. Kwa mawili ya mwanzo usihamishe udongo huo kwenda kwingine, usichukue vipandikizi vya mti huo, osha jembe, na umwone mtaalamu kabla ya kupanda kitu kingine hapo, hasa kama bustani ina nyanya, bilinganya au migomba. Mchwa ulio pia kwenye mbao za nyumba ni kazi ya mafundi wake, mti utasubiri.

VIPANDIKIZI VINAOZA KABLA YA KUTOA MIZIZI

Wengi hukata chipukizi laini la juu, au tawi gumu la kijivu. Chukua la katikati: la kijani linaloanza kukakamaa, likipindwa linarudi. Urefu sentimita 10 hadi 15, vifundo vitatu, ondoa vitumba na majani ya chini. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, weka penye mwanga pasipo jua kali. Wiki nne hadi sita. Usikivute kila siku kukagua. Kikikataa ukikivuta kidogo mwishoni mwa mwezi, kimeshika.

Kama bado vinakushinda, inamisha tawi refu la mti mama, likwaruze chini ya kifundo, lifukie udongoni na jiwe juu yake, ncha ikiwa nje. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa na mizizi yake. Likate upande wa mama, liache hapo hapo siku kumi zaidi, ndipo ulichimbue umpelekee anayekuomba mbegu, kwa sababu mbegu asumini huyu hatoi ila kwa nadra sana.